Maame Birago, Gari Lake Jipya na Wivu wa Mumewe

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa hapa hapa mlimani kwetu. Jina lake Birago Asiamah. Wengi mlimwita Maame Birago, yaani Mama Birago. Aliuza masufuria na mabeseni pale Obomeng, karibu na kituo cha magari. Ametutoka mwezi uliopita. Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi: Maame Birago Asiamah, mama wa masufuria, ametutoka mwezi uliopita, na tayari tumeshamzika.

Mnamkumbuka kwa masufuria. Lakini nadhani mnamkumbuka zaidi kwa gari lake. Lile jeupe. Mnamkumbuka alivyokuwa akilizunguka kila asubuhi, ameinama, kama mtu aliyedondosha hereni.

Basi leo nitasimulia habari za gari lile. Nitasimulia pia habari za mumewe, Mzee Ofosuhene, ambaye alilionea gari lile wivu. Ndiyo, wasikilizaji wapendwa, wivu. Si mimi ninayemsema. Ni yeye mwenyewe. Tulipokwenda kumpa pole alituambia hivi: "Binti, usiwaambie watu nilikuwa mume mwema. Waambie nilikuwa na wivu. Hapo ndipo watakapojua Birago alikuwa nani."

Mzee Ofosuhene alikuwa dereva. Dereva wa lori. Alibeba viazi vikuu kutoka Tambarare za Afram mpaka Accra, na viazi vilipokwisha alibeba watu. Aliijua barabara ya kushuka mlima mpaka Nkawkaw, mji wa huko chini, kama mnavyojua ngazi za nyumbani kwenu. Kila kona. Kila mahali ambapo lori hupumua. Kisha asubuhi moja mdomo wake ukapinda akiwa anapiga mswaki, na mguu wa kulia ukafa ganzi. Mdomo ulirudi. Mguu haukurudi vizuri. Na huo ndio mguu wa breki.

Akarudisha ufunguo wa lori kwa mwenye lori. Akabaki barazani na fimbo yake, akisikiliza magari yanayopanda mlima. Aliweza kusema, bila kuangalia, nani amekosea gia.

"Huyo ni mwenye lori kampa mwanawe," husema. "Sikia anavyolichinja."

Maame Birago aliyaona hayo. Aliona mumewe anavyosikiliza. Akaanza kwenda Nkawkaw mara kwa mara kuliko ilivyokuwa kawaida yake, akisema anafuata mabeseni. Mzee hakushuku. Mabeseni yalikuja, kweli. Lakini huko chini Maame Birago alikuwa akijifunza kuendesha gari.

Mzee alikuja kujua ghafla, siku moja. Siku ambayo gari jipya, jeupe, kutoka dukani kabisa, si mtumba uliochoshwa na watu wa Ulaya, lilipinda kona ya kanisa likaingia uani. Nyuma ya usukani yuko mkewe. Amefunga kitambaa kichwani. Ametoa ulimi kidogo, kama mtoto anayeandika.

Majirani wakajaa. Maame Birago akashuka, na jambo la kwanza alilofanya ni kuchana ile nailoni ya viti. Mnajua jinsi watu wa kwetu tunavyoitunza ile nailoni. Kuna magari yana miaka na bado yanapiga kelele ukikaa.

"We, shoga, acha!" mama mmoja akalia. "Hiyo ndiyo inayoonyesha ni jipya!"

"Inateleza," Maame Birago akasema. "Nikikanyaga breki ghafla nitakutwa chini ya usukani. Ndiyo utanizika na nailoni yako?"

Watu wakacheka. Yeye akamgeukia mumewe. Akafungua mlango wa kulia.

"Mume wangu, njoo ukae."

Mzee Ofosuhene akakiangalia kiti kile. Maisha yake yote alikaa kushoto, penye usukani. Upande wa kulia alikaa nani? Wenye watoto wachanga na wagonjwa.

"Humo," akasema, "nitakaa nikiwa maiti."

Alisema mbele ya watu. Na maneno yaliyosemwa mbele ya watu hapa kwetu hayarudishwi mfukoni.

Lakini jioni ile, wasikilizaji wapendwa, Maame Birago alijaribu tena. Alimwekea chakula, viazi vikuu vya kuchemsha na mchuzi wa mboga za majani, akakaa karibu naye.

"Nifundishe kulitunza," akamwambia. "Wewe ndiye unayejua. Nianzie wapi asubuhi?"

Hapo ndipo Mzee angeweza kuliponya jambo. Alituambia alilisikia jibu zuri kifuani kabisa, limekaa tayari. Lakini wivu ukawahi kinywani.

"Gari la mwanamke halikaguliwi," akasema. "Linauzwa."

Maame Birago alisubiri amalize kula, akanyanyua sahani. Kesho yake alikwenda kwa kijana mmoja wa duka la Accra lililomuuzia gari, jina lake Lante, akamwomba amwonyeshe kila kitu. Akarudi anajua.

Tangu siku hiyo ikawa kila asubuhi ni hivi. Injini ingali baridi, gari liko pale palipo sawa, anafungua boneti. Anachomoa kijiti cha oili, anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena, anasoma. Anaangalia maji ya rejeta kwenye chupa yake, bila kufungua kifuniko. Anazunguka matairi yote, pamoja na la akiba, maana la akiba ndilo watu husahau mpaka siku ya mvua. Anashika nati za magurudumu, kwa sababu Lante alimwambia gari jipya au gurudumu jipya nati zake hulegea mwanzoni. Anachungulia chini kama kuna kitu kimevuja. Halafu analirudisha nyuma mpaka karibu na ukuta mweupe wa nyumba, anakanyaga breki, anageuza shingo. Ukuta ukiwa mwekundu pande zote mbili, taa za breki ni nzima.

Mwisho kabisa, kabla ya kutoka, analitembeza polepole uani na kukanyaga breki moja. Likisimama vizuri, ndipo anatoka.

Kumbukeni hilo la mwisho. Analitembeza polepole, anakanyaga breki moja, ndipo anatoka.

Na Mzee yuko barazani. Anatazama. Roho inamchoma.

"Hata ukuta umepata kazi kwenye gari hili," alisema siku moja. "Mimi mwenye macho mawili sina."

"Si uje usimame nyuma uniangalizie?"

"Mimi? Nisimame nyuma ya gari kama mbuzi?"

Siku nyingine akamwuliza, "Na huyo kijana wa Accra, alikuonyesha oili kwa mdomo au kwa mkono?"

"Kwa vyote viwili."

"Alikushika mkono?"

"Alishika kijiti, Ofosu. Mimi nilishika kitambaa." Akacheka, yeye. Mzee hakucheka. Aliuwaza mkono wa kijana ambaye hakuwahi hata kumwona, na chai ikamshinda.

Mwezi wa kwanza mama huyu hakukubali gari lipakie mizigo. Hakulikimbiza. Alisema gari jipya halitimuliwi mbio kabla sehemu zake hazijazoeana. Shemeji zake walipokuja na magunia yao aliwakatalia kwa heshima. Mzee akasikia, akasema kwa sauti ili asikiwe, "Nyumba hii kuna mmoja tu anayeruhusiwa kupumzika."

Halafu wivu ukabadilika sura. Mzee akaanza kulitafutia gari kasoro.

"Tairi la nyuma limelegea." Maame Birago akashuka, akapima. Halikulegea.

"Nasikia mlio kwenye gia." Akazunguka mtaa wote, vioo vimeshushwa, akisikiliza. Hakuna mlio.

"Betri inanuka." Akafungua boneti, akanusa. Kilichokuwa kinanuka ni samaki wa jirani.

Kila mara aliposema, mkewe alishuka. Kila mara alikagua. Mzee alituambia kwamba alikuwa akiipenda ile dakika moja. Dakika ambayo Birago ameacha kila kitu, ameinama, anafanya alichoambiwa na yeye. Ndiyo maana alisema tena kesho yake. Na tena.

Mpaka siku moja Maame Birago aliinuka kutoka kwenye tairi, magoti yana vumbi, akamwangalia.

"Mume wangu. Ukitaka nikuangalie, niite jina. Nitakuja. Usiliite gari bovu."

Mzee akageukia pembeni. Aliona aibu. Lakini hata aibu haikuuondoa wivu. Aliendelea. Na watu wakazoea. Ikawa ndiyo mchezo wa mtaa. Kinyozi Kissi, rafiki yake wa siku zote, akipita huuliza, "Mzee, leo gari linaumwa nini?"

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo tunapofika kwenye Jumapili ile.

Mnajua desturi yetu. Gari jipya hupelekwa kanisani. Mchungaji huliombea, hulipaka mafuta ya zeituni. Maame Birago alikuwa amechelewa kufanya hivyo, na kina mama wa kanisa walikuwa wamemsema sana. Basi Jumapili ile wakaimba, wakapunga vitambaa, wakalizunguka gari pale uwanjani. Mpango ulikuwa kwamba baada ya maombi Maame Birago ashuke nalo moja kwa moja mpaka Nkawkaw, kwa dada yake, kwenye chakula. Ndani watapanda kina mama wanne. Barabara ya kushuka Nkawkaw. Narudia: na kina mama wanne ndani.

Mzee Ofosuhene alikuja, lakini alikaa mbali na sherehe. Alikaa kwenye kistuli, upande wa kulia wa gari, mbele, amekasirika. Kwa hiyo macho yake yalikuwa usawa wa gurudumu.

Mchungaji akapaka mafuta kwenye boneti. Akapaka milango. Kisha moyo wake ukajaa, na wimbo ulikuwa mzuri, akainama akaanza kumimina kwenye magurudumu. Matatu akayadondoshea kidogo tu, juu ya mpira. Lilipofika lile la mbele kulia, chupa ilikuwa bado imejaa nusu. Akaimimina yote. Mafuta yakapita kwenye matundu ya rimu, yakaingia ndani. Mzee akayaona yanateremka juu ya ile diski ambayo breki hushika. Yanang'aa. Yanachuruzika.

Breki hushika kwa ukavu. Diski ikipata mafuta, gurudumu lile halishiki.

Mzee akasubiri. Alijua mkewe atafanya kama kila siku. Atalitembeza, atakanyaga, atajua. Na kweli, Maame Birago alipoingia garini alisema, "Subirini kidogo nijaribu breki."

"Mama," mchungaji akacheka, "Bwana ameshalikagua. Wewe unakagua tena?"

Kina mama wakapiga vigelegele. "Hajaamini maombi huyu!" "Twende, Birago, chakula kinapoa!" Wanne walikuwa wameshajipanga kando ya milango. Na Maame Birago, ambaye hakuwahi kuruka hata asubuhi moja, akaona haya mbele ya watu wa kanisa lake. Akatia gia.

"Breki!" Mzee Ofosuhene akapaza sauti. "Birago! Mafuta yameingia kwenye breki!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Ameanza!" akasema mmoja.

Kissi akashika tumbo. "Juzi gia, jana betri, leo breki! Kesho utasema honi ina malaria!"

"Nimeyaona kwa macho yangu!"

"Na ule mlio wa gia ulisikia kwa masikio yako!"

Maame Birago akashusha kioo. Alikuwa hana hasira. Hilo ndilo lililomuumiza Mzee. Alikuwa amechoka tu.

"Leo tu, Ofosu," akasema taratibu. "Niachie leo tu."

Mzee alituambia kwamba pale alijisikia kama mtu anayepiga kelele ndani ya ndoto. Neno lake lilikuwa limeishiwa nguvu. Alilitumia lote kwenye tairi, kwenye gia, kwenye samaki. Sasa analihitaji moja tu la kweli, na hanalo.

Akainuka. Akazunguka na fimbo yake. Akawasogeza kina mama. Akafungua mlango wa kulia, akakaa.

Kicheko kikapungua. Kila mtu alikumbuka alichoapa. Kissi akaacha kucheka kabisa.

Mzee akafunga mkanda. Mkanda ukakataa kuingia, akaulazimisha.

"Nimekudanganya mara nyingi," akamwambia mkewe. Hakumwangalia. Aliangalia mbele, kama anaendesha. "Tairi halikuwa na kitu. Gia haikuwa na kitu. Nilikuwa nakuonea wivu. Leo sikudanganyi. Ukiniona mwongo, sawa, shuka na mlima. Lakini mimi nitakuwa humu."

Maame Birago akamtazama. Akatazama ule mkanda. Kisha akatoa kichwa dirishani.

"Kina mama, msipande. Sogeeni."

Akalitembeza gari polepole, pale pale uwanjani palipo sawa, kama kila asubuhi. Akakanyaga breki.

Gari likavutwa kushoto kwa nguvu, maana gurudumu la kushoto lilishika na la kulia halikushika. Likapita mahali ambapo lingesimama. Likaenda kugonga viti vya plastiki vya kwaya, vikaanguka kimoja baada ya kingine, ndipo likatulia.

Mchungaji alikuwa amesimama na chupa tupu. Mama mmoja wa wale wanne akakaa chini kwenye nyasi, akaanza kulia, kwa sababu alikuwa ameitazama barabara ya kushuka.

"Na hapa ni tambarare," Mzee akasema.

Gari lililala kanisani siku ile. Kesho yake fundi alifungua gurudumu, akasafisha diski, akabadilisha pedi zilizolowa. Mchungaji mwenyewe alikuja akashika taa. Na tangu hapo, mnajua, kanisa lile hupaka mafuta kwenye boneti peke yake, kidogo, kwa kidole.

Mngependa niseme kwamba wivu uliisha. Haukuisha. Mzee alianza kusimama nyuma ya gari asubuhi na kuita, "Kushoto inawaka! Kulia inawaka!" Ukuta ukapumzika. Lakini kina mama wa sokoni walipoanza kununua magari yao walikuja kwa Maame Birago wafundishwe. Walikuja kwake, wakampita Mzee barazani. Akanuna. Aliwasikia wakiuliza maswali ambayo yeye angeyajibu usingizini. Maame Birago akajua. Akawa anajibu nusu, halafu anasema, "Hiyo nyingine kamuulize mume wangu, mimi sijui." Alijua. Alijua vizuri sana.

Maame Birago aliugua presha. Alikwenda haraka. Kabla ya kuondoka aliwaita ndugu zake wa upande wa mama, akasema mbele yao kwamba gari liende kwa Dufie, binti wa dada yake, mwalimu. Ndivyo ilivyo kwetu, mali ya mtu hurudi ukooni kwake. Mzee Ofosuhene aliitikia kwa kichwa. Lakini rohoni, alituambia, ilikuwa kama siku ile gari lilipoingia uani. Mtu mwingine ameshika usukani.

Dufie alikuja Jumamosi iliyopita. Bado amevaa nguo nyeusi. Alisimama uani na ufunguo mkononi, hathubutu kugusa kitu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kulichukua."

"Ndiyo, baba. Nimekuja kukuuliza kwanza. Mama mdogo alisema wewe ndiye unayelijua. Lina kasoro gani?"

Mzee alituambia jibu lilimjia lenyewe. Gia. Sema gia. Sema mlima huu hautashukika. Dufie angeamini, angeliacha pale uani wiki moja, mwezi mmoja, na kila asubuhi Mzee angetoka akalikuta. Lingekuwa lake kidogo. Na Birago angekuwa wake kidogo.

Akashika fimbo, akainuka. Akamwambia afungue boneti. Akamwonyesha kijiti cha oili, akamwonyesha maji, wakazunguka matairi wote wawili, pamoja na la akiba. Akasimama nyuma, akaita kushoto, akaita kulia. Akamwambia alitembeze polepole na kukanyaga breki moja. Likasimama pale pale.

Dufie akatoa kichwa dirishani, anasubiri.

"Halina kasoro," Mzee Ofosuhene akasema. "Halijawahi kuwa na kasoro. Nenda, mwanangu."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Mzee Ofosuhene. Tunatoa pole kwa ukoo wa Asiamah, kwa Dufie, kwa kina mama wa sokoni Obomeng. Maame Birago Asiamah, mama wa masufuria, ametutoka. Na kwetu sisi tuliobaki, tutafakari. Kuna mtu nyumbani ambaye kila siku analalamikia kitu kisichokuwepo. Je, tumewahi kumuuliza anataka tumwangalie nini hasa? Na wewe unayelalamika, je, siku ukiona la kweli, nani atakusikia?

Sasa tunyamaze kidogo kwa ajili yake. Zimeni redio zenu kwa dakika moja. Na kama mko njiani, msifumbe macho. Egesheni kwanza.